Kununua vakyumu ndogo ya chaji kwa ajili ya gari na makochi: nenda dukani na mchanga wako

Vakyumu yangu ya kwanza ya chaji niliinunua kwa sababu ya namba. Boksi lilikuwa na maandishi mekundu makubwa, "120000 Pa", na pembeni picha ya gari jeusi linalong'aa. Nikalipa, nikarudi zangu Nyegezi, hapa Mwanza, nikaichaji usiku kucha. Asubuhi nikaanza na Toyota IST ya jirani aliyekuwa amewapeleka watoto ufukweni jana yake. Mashine ikapiga kelele kama nyuki waliochokozwa, ikafyonza karatasi ya pipi, ikafyonza unyoya mmoja wa kuku, mchanga ukabaki palepale kwenye kapeti. Dakika ya sita ikazima.

Tangu siku hiyo nimeshaua nyingine mbili, moja kwa maji na moja kwa jua, na sasa wikendi zangu ni za kusafisha magari na makochi majumbani kwa watu, kuanzia Buhongwa hadi Pasiansi. Natembea na pikipiki, mashine ipo kwenye begi mgongoni. Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Kaka, ninunue ipi?" Siku hizi simtajii kampuni. Namuuliza kwanza anakwenda kufyonza nini.

Hatua ya 1: Kagua uchafu kabla ya kukagua mashine

Toa kapeti za miguuni kwenye gari lako, zikung'ute juu ya gazeti, kisha chuchumaa uangalie kilichodondoka. Fanya hivyo hivyo na kochi: ondoa mito, pitisha mkono kwenye ile mifereji ya pembeni ambako rimoti huwa inapotelea. Usicheke. Hicho kilichoko kwenye gazeti ndicho kitakachochagua mashine.

Mwanza tuna uchafu wetu. Miamba hii tunayopigia picha ni graniti, na graniti ikiliwa na jua na mvua kwa muda mrefu huacha mchanga mnene, mgumu, wenye kona. Ukiingia kwenye kapeti ya gari unajichimbia chini ya nyuzi na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi. Kisha kuna vumbi laini la barabara za milimani, lile la Bugarika na Mabatini, ambalo ukipiga siti kofi unaliona likipaa. Kuna nyuzi za rasta na nywele za kusukia, hasa kwenye makochi ya nyumba yenye mabinti. Kuna vidudu vya ziwani, vile vinavyotoka majini kwa mawingu kama moshi wa moto. Dereva aliyeacha dirisha wazi jioni akiwa karibu na maji anavijua. Na kuna matope ya masika.

Kila kimoja kinataka kitu tofauti. Mchanga unataka hewa nyingi inayopita kwa kasi. Vumbi laini linataka chujio zuri, maana bila hilo unalitoa kwenye siti na kulipulizia usoni kwako. Nywele na nyuzi zinataka brashi inayozungushwa na mota. Kitu chochote chenye maji kinataka mashine iliyoandikwa wazi kwamba inafyonza maji, na zilizo nyingi hazifyonzi.

Dagaa nawaweka peke yao. Mtu akishabeba gunia kutoka Mwaloni Kirumba kwenye buti ya gari, yanabaki magamba, vichwa na unga unga wenye mafuta. Usiufyonze huo moja kwa moja. Niliwahi kufanya hivyo kwenye Noah ya mama mmoja mfanyabiashara, na kwa wiki tatu kila nilipowasha mashine sebuleni kwa mtu, nyumba nzima ilinuka soko. Mafuta ya samaki yakishaingia kwenye chujio, umeumia. Zoa kwanza kwa mkono na ufagio mdogo, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, acha pakauke, halafu ndipo ufyonze masalia.

Hatua ya 2: Jiulize kama ni ya chaji kweli unayoihitaji

Kama una sehemu ya kuoshea magari na unapitisha magari kumi kwa siku, achana na hizi ndogo. Nunua lile pipa la kuchomeka ukutani, linalofyonza maji na ukavu, lenye mpira mrefu. Linafanya kazi kutwa bila kuomba mapumziko, na kwa kazi ninazoziona mimi linamaliza gari kwa nusu ya muda. Hii ndogo ya chaji ni ya mtu mwenye gari lake moja au mawili, mwenye makochi yake, au mtu kama mimi anayefuata kazi mahali ambako soketi iko mbali na gari.

Kuna aina ya tatu, ile yenye waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara la gari. Ni ya bei rahisi na haina betri ya kufa. Lakini fahamu mambo mawili. Tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, na umeme wa gari dogo ni volti 12, kwa hiyo kikomo chake ni wati 120 hadi 180 tu. Anayekuuzia ya wati 300 ya kuchomeka pale anakuuzia fyuzi iliyoungua. La pili ni la madereva wa magari makubwa: malori na mabasi mengi, pamoja na baadhi ya Coaster, yana umeme wa volti 24. Mashine ya volti 12 ukiichomeka humo, inanguruma vizuri sana kwa sekunde chache, kisha unasikia harufu.

Hatua ya 3: Soma boksi kama mtu anayesoma mkataba

Hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba ya kwanza utakayokutana nayo ni Pa, yaani paskali, kipimo cha mgandamizo. Watu hudhani mashine "inavuta" vumbi kwa nguvu zake. Sivyo. Mashine inapunguza hewa ndani ya tumbo lake, halafu hewa ya nje, ambayo siku zote inatugandamiza, ndiyo inayosukuma kuingia na kubeba uchafu njiani. Sasa hewa ya nje ina nguvu kiasi gani? Pale Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni kama Pa 101,000. Hapa kwetu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na hewa imepungua hadi kama Pa 88,000. Maana yake, hata ungepata mashine ya miujiza inayoondoa hewa yote ndani ya tumbo lake ikabaki tupu kabisa, Mwanza isingeweza kufikisha Pa 90,000. Ile yangu ya 120,000 ilikuwa inaahidi kitu ambacho hewa ya duniani haina, na mimi nikalipa kwa furaha.

Mashine ndogo za mkononi za kweli zinacheza kwenye Pa 5,000 hadi 20,000 hivi. Ukiona boksi limeandikwa 8,000 au 12,000, usilidharau kwa sababu jirani yake kwenye rafu ameandika 95,000. Mara nyingi mnyenyekevu ndiye mkweli.

Hata hiyo Pa ya kweli haitoshi. Inapimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa, wakati hakuna hewa inayopita. Mchanga haubebwi na mgandamizo uliotulia. Unabebwa na upepo. Chukua mrija mwembamba wa soda unywee uji: unavuta hadi mashavu yanaingia ndani, uji hauji. Nguvu ipo, njia ni finyu. Mashine ndogo nyingi ziko hivyo.

Namba inayounganisha vyote viwili, mgandamizo na wingi wa hewa inayopita, inaitwa wati za hewa, na kwenye boksi huandikwa AW. Kampuni zinazojiamini huiandika. Za ujanja ujanja huikwepa. Kwa gari dogo na makochi, mimi naona AW 20 hadi 30 zinaokoa jahazi, kuanzia 50 unafanya kazi kwa raha, na zaidi ya 100 ni mashine za bei ya kukaa chini na kufikiri.

Usichanganye AW na W. Wati za kawaida ni umeme ambao mota inakula, na sehemu tu ya umeme huo ndiyo inageuka kuwa upepo wa kufyonza. Nyingine inaishia kwenye joto na kelele. Mashine ya W 120 haina AW 120. Muuzaji akikwambia "hiyo ina wati za kutosha, bosi", amekuambia inamaliza betri kwa kasi gani, basi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya betri mwenyewe

Hesabu ni ya darasa la tano. Volti zidisha kwa ampea-saa unapata wati-saa, ambazo ndizo ukubwa wa tangi lako. Gawanya kwa wati za mota, unapata saa.

Mfano: mashine ndogo ya volti 7.4, betri ya mAh 2,000 (yaani ampea-saa 2), mota ya wati 120. Tangi ni 7.4 × 2 = wati-saa 14.8. Gawanya kwa 120, zidisha kwa 60: dakika 7 na ushee. Boksi likisema dakika 30, ama limepima kwa mwendo wa chini kabisa ambao haufyonzi hata majani ya chai, ama linaongopa. Wakati huohuo, IST moja yenye mchanga wa wiki mbili inanichukua dakika 15 hadi 20 za mashine kuwaka. Kochi la watu watatu, dakika 10 kama nina brashi ya mota.

Kwa hiyo swali la dukani ni hili: kwenye mwendo wa juu, inakaa dakika ngapi? Ikiwa jibu ni chini ya 15, tafuta yenye betri inayochomoka ili ununue mbili. Betri inayochomoka ina faida nyingine: betri ikichoka baada ya miaka miwili au mitatu, hutupi mashine nzima.

Volti za betri hizi zinaenda kwa hatua, kwa sababu ndani yake kuna seli za lithiamu za volti 3.6 au 3.7 zilizopangwa mstari: mbili zinatoa 7.4, tatu 11.1, nne 14.8, tano 18. Ndiyo maana "18 V" ya Makita na "20 V Max" ya DeWalt ni kitu kilekile, seli tano. Mmoja anahesabu volti za kawaida, mwingine anahesabu za betri iliyojaa chaji kabla haijafanya kazi. Na hapa nina ushauri ambao umewaokolea pesa watu kadhaa: kama wewe ni seremala, fundi alumini au fundi umeme na tayari una drili ya chaji, nunua vakyumu ya mfumo huohuo bila betri, mwili mtupu. Unatumia betri za drili. Kuwa macho tu na betri za kuiga, zimejaa mjini. Zipime mkononi ukizilinganisha na yako. Nyepesi sana ina seli chache au seli mbovu ndani.

Seli za kawaida za ukubwa wa kidole gumba kinene, zile zinazoitwa 18650 kwa kuwa zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilizo nyingi hubeba mAh 2,000 hadi 3,500. Ukikuta seli ya saizi hiyo imeandikwa 9,900, rudisha kwenye rafu taratibu.

Chaji nayo: nyingi ndogo zinachajiwa kwa waya wa USB. Ni raha kwa sababu unachaji kwa paneli ya sola, paua benki au kwenye gari, na kwa ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vya mbali hiyo ni sababu tosha ya kuchagua. Ubaya wake ni uvivu. Kichwa cha chaji cha kawaida cha volti 5 na ampea 1 kinatoa wati 5 tu, kwa hiyo lile tangi la wati-saa 14.8 litakula saa tatu na zaidi kujaa. Umeme ukikatika saa nane mchana, mteja wa saa kumi utamwambia nini?

Na ile niliyoiua kwa jua: niliiacha kwenye dashibodi ya gari la rafiki yangu pale kwenye kivuko cha Kamanga, mchana kweupe, vioo vimefungwa. Betri za lithiamu na joto ni maji na mafuta. Ilirudi ikiwa inakaa dakika tatu.

Hatua ya 5: Fungua tumbo uangalie chujio

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu linaeleweka. Ndani kuwe na ngazi mbili angalau: wavu wa chuma au plastiki wa kuzuia vitu vikubwa, na chujio la karatasi lililokunjwakunjwa kwa ajili ya vumbi laini. Kitambaa cheupe chepesi peke yake hakifai kwa mtu mwenye pumu wala kwa nyumba yenye mtoto mchanga. Neno HEPA, jina la machujio ya kukamata chembe ndogo sana, limekuwa kama pilipili, linapakwa kila mahali. HEPA ya kweli ya daraja la H13 inakamata asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu kabisa kukamatwa, na yenye daraja lake huandikwa. Isiyo na daraja ichukulie kuwa chujio la kawaida lenye jina zuri.

Uliza mambo mawili zaidi: linafuliwa? Na la akiba linapatikana hapa Mwanza, leo, nilione? "Litakuja na mzigo ujao" si jibu.

Hatua ya 6: Midomo, brashi na uzito

Gari linataka mdomo mwembamba mrefu, wa kufika kwenye reli za siti na kando ya gia. Ukiwa mfupi kuliko kiganja chako, reli za siti utazisikia kwa jina tu. Brashi laini ya dashibodi ni nzuri kuwa nayo, ingawa brashi ya kupakia rangi ya mafundi inafanya kazi ileile.

Makochi ni habari nyingine. Haya ya velveti yanayotengenezwa na mafundi wetu ni mazuri kwa macho na ni mtego kwa nywele, na kufyonza peke yake hakutoshi, nyuzi zimeng'ang'ania. Unahitaji kichwa kidogo chenye brashi inayozungushwa na mota yake. Kama makochi ndiyo sababu yako ya kununua, basi kichwa hicho ndicho kinachonunuliwa, mashine inakuja kama kifungashio. Hakikisha brashi inachomoka, maana nyuzi za rasta zitaizonga na utazikata kwa wembe kila baada ya kochi la pili.

Uzito usiupime kwa kunyanyua. Shika mashine, nyoosha mkono mbele kama unafyonza chini ya siti, kaa hivyo dakika mbili. Kilo moja na nusu ni nyepesi mno kwenye kaunta na nzito mno chini ya dashibodi.

Hatua ya 7: Siku ya kwenda dukani

Kata kipande cha kapeti kuukuu, ukubwa wa karatasi mbili za daftari. Kwenye mfuko mmoja weka vijiko vitatu vya mchanga, mwingine mchele kidogo, mwingine nyuzi chache za rasta. Beba na gazeti.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kwenye duka moja mjini, kijana wa kaunta alinitazama kama nimekuja na mganga.

"Kaka, utanichafulia duka."

"Mdogo wangu, si unaniuzia mashine ya kusafisha? Nikichafua, itasafisha."

Akacheka, akaita bosi wake, mzee wa makamo. Nikamwamkia, nikamweleza. Mzee akasema, "Mwache ajaribu. Ikishindwa mchanga hapa, atairudisha kesho na mchanga wake." Mzee huyo nilinunua kwake, na hadi leo nawapeleka watu kwake.

Jaribio lenyewe liko hivi. Mwaga mchanga juu ya kapeti, usugue kwa kiganja hadi uzame. Pitisha mashine polepole mara tatu, bila kukandamiza. Kisha pindua kapeti juu ya gazeti na kulipiga mgongoni. Kinachodondoka ndicho ambacho mashine ingekiacha kwenye gari lako. Hakuna itakayomaliza wote. Mimi nakubali ikibaki chini ya nusu kijiko. Mchele unapima kama njia ya ndani ni pana, maana mashine nyingine zinaziba kwa punje nne. Nyuzi zinapima brashi.

Halafu ziba mdomo kwa kiganja ikiwa inawaka. Sauti inatakiwa ipande. Wengi hudhani mota imeelemewa. Ukweli ni kinyume, haina hewa ya kusukuma kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi. Sauti isipobadilika, kuna hewa inaingia kwa upenyo mwingine: mpira wa tumboni haukai vizuri au plastiki imepinda. Mashine hiyo iache.

Iwashe kwenye mwendo wa juu kwa dakika tatu mfululizo hata muuzaji akinuna. Shika sehemu ya betri. Uvuguvugu ni sawa, moto wa kukufanya uondoe mkono si sawa.

Geuza kichwa cha chaji usome pale palipoandikwa INPUT. Umeme wetu ni volti 230. Ukiona 100–240 V, salama. Vitu vya mtumba kutoka Japani mara nyingi vimeandikwa 100 V peke yake, na vya Marekani 120 V. Ukivichomeka hapa bila transfoma ya kushusha umeme, safari yake imeishia hapo. Wanaoagiza gari Japani na kukuta kivakyumu kizuri kwenye buti, nawaombeni msome kwanza ndipo mchomeke.

Mwisho dai risiti ya EFD, na dhamana iandikwe kwa mkono juu yake: miezi mingapi, inahusu betri au mota tu. Dhamana ya mdomo huisha muuzaji anapohama fremu.

Hatua ya 8: Ukishafika nayo nyumbani

Ijaze chaji kabla ya kazi ya kwanza, lakini usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka kazini; ipe nusu saa. Ukiwa huitumii kwa muda, ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pa kivuli.

Kwenye gari anza juu kuja chini: dashibodi, siti, kisha sakafu. Kapeti za miguuni zitoe nje uzipige kwenye ukuta au jiwe (mawe hatujapungukiwa), maana robo tatu ya mchanga inatoka bure bila kugusa betri. Ule uliozama uchokonoe kwa brashi ngumu huku mdomo wa mashine ukifuata nyuma yake, polepole. Wanaopitisha haraka haraka kama wanapaka rangi wanachosha mkono na kuacha mchanga. Siti isogeze mbele hadi mwisho, fyonza nyuma. Irudishe nyuma hadi mwisho, fyonza mbele. Kabla ya hapo okota sarafu.

Makochi fyonza kabla ya kuosha, kamwe si baada ya. Vumbi likikutana na maji ya sabuni ndani ya sponji linakuwa tope, na tope hilo linapanda juu kochi linapokauka na kuacha mistari ya kahawia. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha makochi yaliyooshwa hivyo. Mama mmoja wa Igoma aliniambia, "Baba, nimelifua mara mbili, linazidi kuchafuka." Tulilifyonza kavu, pande zote, tukaondoa tope lililokauka kwa brashi, kisha ndipo tukalipitisha povu kidogo.

Usifyonze majivu ya jiko, hata yale unayodhani yamepoa. Usifyonze mahali palipomwagika petroli. Mota nyingi zinatoa cheche ndani. Usifyonze saruji wala unga wa jipsamu, labda kama ulikuwa unatafuta sababu ya kununua chujio jipya. Mashine ya maji, ukiipata, ishike mdomo ukitazama chini muda wote, na umwage tumbo lifikapo nusu. Ile niliyoiua kwa maji niliinua juu kuangalia kama imejaa. Ilikuwa imejaa.

Mwaga tumbo kila baada ya gari, maana likijaa hewa haipiti na utalaumu betri. Chujio kung'uta kila mara, na lile la kufuliwa lifue kwa maji matupu bila sabuni, kisha lianike kivulini saa 24 kamili. Likirudishwa bichi linaotesha ukungu na kutoa harufu ya soksi, na unyevu unaingia kwenye mota. Ndiyo maana nasema nunua machujio mawili siku ileile: moja kazini, moja kwenye kamba. Baada ya miezi sita modeli yako haitakuwepo tena sokoni, na chujio lake litakuwa limeondoka nalo.

Na kama unaishi karibu na maji, Capri Point, Bwiru, Luchelele huko, lianue kabla jua halijazama. Mimi langu nilisahau kwenye kamba jioni moja, vidudu vya ziwani vikapita, na asubuhi nilikuta chujio safi limejaa mabawa kuliko lilivyokuwa kabla sijalifua.